Utafiti shirikishi wa afya mijini: nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Swali la msomaji: "Ninasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika mji mkubwa, na nimekusudia kuchunguza shinikizo la juu la damu katika mtaa ambao wakazi wake wengi ni watu wa jamii ya walio wachache. Nilipokwenda kujitambulisha, viongozi wa mtaa waliniambia waziwazi kwamba wamechoka kuchunguzwa, kwa kuwa watafiti huja, hujaza madodoso yao, kisha hawaonekani tena. Msimamizi wangu ananishauri nitumie utafiti shirikishi wa kijamii. Je, huo ni utafiti wa kisayansi kweli, au ni njia ya kuwabembeleza watu wakubali? Na mwanafunzi mwenye miaka miwili tu anaweza kuufanya?"

Ndugu yangu, nitaanza na sehemu iliyo ngumu zaidi katika swali lako, yaani hiyo habari ya kubembeleza, kwa sababu hofu yako ina msingi. Zipo tafiti nyingi zinazojiita shirikishi ambazo ushiriki wake huanza na kuishia pale wenyeji wanapoombwa kutafuta watu wa kujaza dodoso ambalo wao wenyewe hawakuliona mpaka lilipokwisha kuchapwa. Kazi hiyo ni uandikishaji wa washiriki, nayo ni halali mradi iitwe kwa jina lake. Utafiti unastahili kuitwa shirikishi pale tu wenyeji wanapokuwa na sauti yenye nguvu katika kuamua kinachoulizwa, namna kinavyoulizwa, fedha zinavyotumika, data zinakaa kwa nani na matokeo yanatangazwaje, na pale wanapoweza kusema hapana na hapana hiyo ikabadilisha kitu.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi katika wizara ya nyumba na maendeleo ya miji ya nchi yake, alichora ngazi yenye vidato nane vya ushiriki wa raia. Vidato viwili vya chini hakuviona kuwa ushiriki hata kidogo, kwa kuwa huko raia hughilibiwa, au hushughulikiwa kana kwamba wao ndio wenye maradhi yanayohitaji kutibiwa. Vitatu vya katikati, ambako watu hupewa taarifa, huombwa maoni au hupozwa kwa viti viwili vitatu kwenye kamati, alivihesabu kuwa ushiriki wa kuonyesha tu. Ni vitatu vya juu peke yake, yaani ubia, kukabidhiwa mamlaka na raia kujiamulia, ambavyo alivipa uzito. Nakushauri uichukue ngazi hiyo na uuweke mpango wako juu yake kabla hujaandika neno jingine, kwa sababu miradi mingi ya wanafunzi na hata ya maprofesa, ikipimwa kwa uaminifu, huangukia katikati.

Mizizi ya utafiti huu ni miwili, na kuijua kutakusaidia kuelewa mabishano utakayokutana nayo. Mmoja unatoka kwa Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeihama Ujerumani ya Wanazi, ambaye katika miaka ya 1940 huko Marekani alipendekeza utafiti unaokwenda sambamba na hatua za kubadilisha hali, mojawapo ya mambo yaliyomshughulisha yakiwa ni uhusiano kati ya walio wachache na walio wengi. Mwingine unatoka Amerika ya Kusini, kwa Paulo Freire wa Brazil na mafundisho yake kwa watu wazima, na kwa Orlando Fals Borda wa Kolombia, ambaye mwaka 1977 alikuwa kinara wa kongamano la Cartagena lililowakusanya watafiti wa mkondo huo kutoka nchi mbalimbali. Mkondo wa kwanza ulitafuta zaidi ufanisi katika kutatua matatizo, na wa pili ulitafuta ukombozi. Katika mradi wowote wa afya mikondo hii miwili hukaa meza moja: mfadhili anataka vipimo vishuke, na wenyeji wanataka kujua kwa nini mtaa wao ndio unaougua.

Sasa nije kwenye maneno ya viongozi wale. Usiyachukulie kama kikwazo cha kuruka, bali yachukulie kama matokeo ya kwanza ya utafiti wako. Marekani, ambako sehemu kubwa ya elimu hii ya utafiti shirikishi wa afya mijini imejengwa, inayo historia inayoeleza vizuri uchovu wa namna hiyo. Kuanzia 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya nchi hiyo iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee na vitongoji vyake, katika jimbo la Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa unavyoendelea usipotibiwa. Wanaume hao waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya". Hata penisilini ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida ya kaswende, kufikia mwaka 1947, wao hawakupewa, na kazi hiyo ilisimamishwa baada tu ya kufichuliwa magazetini mwaka 1972. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997, miaka 25 baadaye. Mjini Baltimore, mwaka 1951, seli za uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks zilichukuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins bila yeye kuombwa ridhaa, zikaendelea kuzaliana maabarani na kutumika duniani kote, na familia yake ikaishi zaidi ya miaka 20 bila kujua lolote.

Hata hivyo nakusihi usiishie kwenye historia. Mtafiti anayesema kwamba watu hawamwamini kwa sababu ya Tuskegee amekwisha kuliweka tatizo mbali, katika kizazi kilichopita, mahali ambapo yeye hahusiki. Mkazi anayekataa dodoso lako leo huenda wiki iliyopita alikaa saa nyingi kwenye foleni ya kliniki, akaelezwa ugonjwa wake kwa lugha asiyoielewa bila mkalimani, kisha akaambiwa kwamba hali yake inatokana na uzembe wake katika chakula. Huenda pia anaishi karibu na chuo kikuu, na mtaa wake umekuwa uwanja wa mazoezi wa kila kundi la wanafunzi kwa sababu tu unafikika kwa miguu. Kutokuamini kwa namna hiyo ni hukumu iliyofikiwa kwa ushahidi, na hakuondolewi na kampeni ya kujenga imani. Kunapungua pale taasisi inapoanza kutenda kwa namna inayoaminika.

Mji ambao ningependa uusome kwa makini ni Detroit. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Michigan, idara ya afya ya mji na mashirika ya wenyeji walianzisha kituo cha pamoja cha utafiti wa afya mijini, kikisaidiwa kwa fedha na Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani. Bodi ya kituo hicho ina wajumbe wa mashirika ya wenyeji wanaokaa na wanataaluma, na jambo waliloanza nalo lilikuwa kukubaliana kanuni za kufanya kazi pamoja, wakaziandika. Mwaka 1998 Barbara Israel na wenzake watatu wa huko walichapisha makala ya mapitio iliyozipanga kanuni za utafiti wa aina hii kwa ujumla: kwamba jamii itambuliwe kama kitu kimoja chenye utambulisho wake, kwamba utafiti ujengwe juu ya nguvu zilizokwisha kuwamo ndani yake, kwamba ubia uenee katika hatua zote, kwamba kila upande ujifunze kwa mwenzake, na kadhalika. Wengi huzinukuu kanuni hizo kama sala. Mimi naona thamani yake kubwa iko katika mpangilio wa matukio: makubaliano yalitangulia utafiti, na yalikuwa ya maandishi, kwa hiyo palipotokea mzozo kulikuwa na kitu cha kurejea zaidi ya hisani ya profesa.

Suala la nani anayeuliza swali linaonekana vizuri zaidi Harlem, mjini New York. Shirika la wenyeji liitwalo WE ACT lilianzishwa mwaka 1988 na watu waliokuwa wakipinga harufu na moshi wa mtambo wa kusafisha majitaka, pamoja na maegesho makubwa ya mabasi ya dizeli yaliyorundikwa upande wao wa mji. Swali lao halikuwa la kitabibu kwa umbo: walitaka kujua kinachowaingia watoto wao mapafuni. Majira ya joto ya mwaka 1996 walifanya kazi na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia kupima vumbi laini na masizi ya dizeli kando ya barabara, vijana wa mtaa wakishiriki katika kazi ya kuhesabu malori, mabasi na wapita njia. Waligundua kwamba masizi yalitofautiana karibu mara nne kutoka njia panda moja hadi nyingine, yakifuata wingi wa malori na mabasi. Fikiria kama mtafiti wa pumu angeingia na swali lake mwenyewe. Kwa uwezekano mkubwa angepima tabia za akina mama ndani ya nyumba, usafi wa magodoro na matumizi ya dawa, yote yakiwa mambo ya kweli, na ile njia panda isingeingia kabisa katika hesabu zake. Wenyeji walileta kigezo ambacho hakikuwamo kwenye mpango wa mtu yeyote wa nje, nacho kinapimika kwa kifaa.

Jambo la aina hiyo hiyo lilitokea Flint, katika jimbo la Michigan, mji ambao zaidi ya nusu ya wakazi wake ni weusi. Mwaka 2014 chanzo cha maji ya mji kilihamishiwa Mto Flint, na maji hayakuwekwa dawa ya kuzuia kutu ya mabomba. Wakazi walilalamikia rangi, harufu na vipele, wakaambiwa maji ni salama. Mwaka 2015 wao wenyewe, wakishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, waligawa vifaa 300 vya kuchukulia sampuli majumbani, na sampuli zaidi ya 250 zikarudi, kiwango cha ushiriki ambacho watafiti wengi wa madodoso hawajawahi kukiota. Madini ya risasi yalionekana kwenye maji. Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akaonyesha mwezi Septemba mwaka huo kwamba risasi imeongezeka pia katika damu ya watoto, na Oktoba mji ukarudishwa kwenye chanzo cha zamani. Lakini soma pia kilichofuata. Mwaka 2018 baadhi ya wakazi waliandika barua ya wazi wakimlalamikia mwanasayansi aliyewasaidia, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa jinsi anavyowasema wao na mji wao mbele ya umma. Ushindi wa kisayansi, basi, haukufuta mgogoro juu ya nani ana haki ya kuusimulia. Mgogoro wa namna hiyo unazuilika kwa sehemu, ikiwa tangu mwanzo imekubaliwa nani atasema nini mbele ya vyombo vya habari, na nani ataisoma taarifa kabla haijatoka.

Hapo naingia kwenye swali lako la sayansi. Wanaotilia shaka hudhani kwamba ukiwashirikisha wenyeji umepunguza ukali wa mbinu kwa ajili ya wema. Mwaka 2004 yalichapishwa mapitio ya tafiti 60 za aina hii, yaliyofanywa kwa wakala wa serikali ya Marekani unaohusika na ubora wa huduma za afya, nayo hayakuona dalili kwamba ushiriki mkubwa wa jamii ulikuja na ubora mdogo wa utafiti. Mahali ambapo faida ilionekana waziwazi zaidi ni katika kuwapata washiriki. Mimi ningeongeza faida nyingine isiyoonekana kwenye majedwali, nayo ni uhalali wa vipimo vyenyewe. Dodoso linalouliza mtu anafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki litamhesabu kuwa mvivu mhudumu wa usafi anayepanda ngazi usiku kucha. Swali kuhusu kusahau dawa litamweka katika kundi la wasahaulifu mtu anayevunja kidonge makusudi ili vidonge vyake vifike mwisho wa mwezi. Takwimu zake zitakuwa nadhifu, na zitakuwa na makosa. Mkazi mmoja aliyeketi nawe wakati wa kuandika maswali angeligundua kosa hilo siku ya kwanza.

Kwa kuwa unachunguza shinikizo la damu, jaribio la vinyozi wa Los Angeles linakuhusu moja kwa moja. Lilichapishwa mwaka 2018, likiongozwa na daktari Ronald Victor, na liliwahusisha wanaume weusi 319 wenye shinikizo la juu, wateja wa maduka 52 ya vinyozi yaliyogawanywa kwa nasibu. Katika kundi moja mfamasia alikwenda kwa kinyozi, akawapima wateja na kuwaandikia dawa papo hapo kwa makubaliano na madaktari wao. Katika kundi la ulinganisho kinyozi aliwahimiza wateja wabadili mwenendo wa maisha na waende kwa daktari. Baada ya miezi sita namba ya juu ya kipimo cha shinikizo la damu ilikuwa imeshuka kwa milimita 27.0 za zebaki katika kundi la kwanza, na kwa 9.3 katika la pili. Matokeo hayo ni makubwa mno kwa kipimo chochote, na washiriki karibu wote, asilimia 95, walibaki hadi mwisho.

Jaribio hilo hutajwa kila mara kama mfano wa utafiti shirikishi, nami nina shaka na matumizi hayo. Swali, mpango na dawa vilitoka kwa madaktari. Jamii ilitoa mahali, imani na watu wa kuheshimika, na hayo si madogo, lakini kumfuata mtu alipo ni hatua tofauti na kuamua pamoja naye. Nalisisitiza hili kwa sababu utakaposoma maandiko utakuta vitu vitatu vimechanganywa: utafiti unaofanyika ndani ya jamii, utafiti unaofanywa kwa msaada wa jamii, na utafiti ambao jamii ni mwamuzi mwenza. Vyote vitatu vinaweza kuleta afya. Cha tatu peke yake ndicho kinachojibu malalamiko uliyoambiwa.

Mji huo huo wa Los Angeles unatoa mfano mwingine ambamo ushiriki wenyewe uliwekwa kwenye mizani. Kenneth Wells wa upande wa chuo kikuu na Loretta Jones, aliyeongoza shirika la wenyeji liitwalo Healthy African American Families, walikuwa miongoni mwa viongozi wa utafiti kuhusu sonona katika maeneo mawili ya Los Angeles yenye wakazi wengi weusi na Walatino. Zaidi ya vituo 90 viligawanywa kwa nasibu. Upande mmoja, kila kituo kilipewa mafunzo na vifaa vya kutoa huduma bora ya sonona kivyake. Upande wa pili, kliniki, makanisa, mashirika ya wasio na makazi na wengineo walikaa kama baraza na kupanga pamoja namna ya kuitoa huduma hiyo hiyo katika eneo lao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita watu wa upande wa mipango ya pamoja walikuwa na hali bora ya maisha kiakili, walifanya mazoezi zaidi, na walipungukiwa na hatari ya kukosa makazi na kulazwa kwa matatizo ya akili. Ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulionyesha tofauti hafifu zaidi, na msimamizi wako ataliuliza hilo, kwa hiyo liandike mwenyewe kabla hajauliza. Kwangu mimi, kazi hiyo inathibitisha kwamba ushiriki unaweza kujaribiwa kwa ukali ule ule wa dawa, na kwamba jamii yenyewe inaweza kukubali ugawaji wa nasibu ikiwa imeelezwa maana yake na kila upande umepewa kitu cha thamani.

Udhaifu upo pia, na usiufiche. Kundi la ulinganisho lisilopata chochote ni jambo gumu kulitetea mbele ya watu waliokwisha kunyimwa mengi. Njia inayokubalika mara nyingi ni kuwapa wote huduma kwa zamu, ili wanaosubiri wawe kipimo cha wanaotangulia, na zamu ipangwe kwa kura mbele ya macho ya watu. Taarifa huvuja kutoka kundi hadi kundi, maana majirani huzungumza. Matokeo ya mtaa mmoja huenda yasihusu mtaa mwingine. Na wabia wote wawili, chuo na jamii, huwa na hamu matokeo yawe mazuri, hivyo mpango wa uchambuzi uandikwe na kusajiliwa kabla data hazijakusanywa, na ikubaliwe kwa maandishi kwamba matokeo yasiyopendeza nayo yatachapishwa. Jamii iwe na haki ya kusoma rasimu kwanza, kusahihisha makosa na kuambatisha maoni yake pale isipokubaliana na tafsiri. Haki ya kuzuia uchapishaji moja kwa moja naiona kuwa ngumu zaidi. Iko mahali ambapo ni ya lazima, kwa mfano pale taarifa inapoweza kuwafichua watu wasio na vibali vya ukaazi, lakini masharti yake yatajwe mapema.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mbinu hulipita haraka mno, nalo ni kwamba mtaa wa mjini hauna sauti moja. Katika jengo moja la ghorofa unaweza kukuta lugha tano, wenye nyumba na wapangaji, wazee waliohamia miaka 40 iliyopita na vijana waliofika mwezi uliopita, na wale wasiotaka jina lao liandikwe popote. Viongozi uliokutana nao ni mlango, na heshima inataka uupitie. Hata hivyo uwaulize bila kuwavunjia heshima ni nani ambaye kwa kawaida haji kwenye vikao vyao, na kwa nini. Mara nyingi ni wanawake wenye kazi za zamu mbili, wapangaji wa vyumba vya pamoja, vijana, na wagonjwa ambao ugonjwa wao unaonewa aibu. Kamati ya ushauri yenye watu 12 wanaofahamiana tangu zamani itakupa makubaliano ya haraka na picha pungufu. Panga vikao saa ambazo wafanyakazi wa usiku wanaweza kufika, weka mtu wa kutunza watoto, lipia mkalimani, na uwe tayari kusikia kwamba wale waliokupokea hawawakilishi kila mtu.

Kuhusu data, ridhaa ya mtu mmoja mmoja haitoshi. Kamati za maadili za vyuo zimezoea kumlinda mshiriki mmoja, ilhali madhara ya utafiti wa jamii ndogo huliangukia kundi zima. Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia wa Arizona lisiloishi mjini, walitoa damu miaka ya 1990 kwa ajili ya utafiti wa kisukari, kisha wakagundua kwamba sampuli zao zilitumika pia kuchunguza magonjwa ya akili na asili ya uhamiaji wa mababu zao, mambo ambayo hawakuyakubali. Mwaka 2010 chuo kikuu husika kililipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Kinyume chake, mwaka 2013 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilikubaliana na familia ya Henrietta Lacks kwamba wawakilishi wao wakae kwenye kamati inayoamua nani aruhusiwe kutumia taarifa za jenomu, yaani taarifa zote za urithi, ya seli zile. Hivyo andika katika makubaliano yako matumizi ya pili yanaruhusiwa na nani, sampuli na majina vitaharibiwa lini, na ramani hazitashuka chini ya ukubwa gani wa eneo, kwa sababu ramani inayoonyesha jengo lenye wagonjwa wengi inaweza kusomwa na mwenye nyumba, kampuni ya bima na gazeti.

Fedha ndizo zinazofichua ukweli wa ubia kuliko hotuba yoyote. Onyesha bajeti yako. Mkazi anayehudhuria vikao, anayesahihisha dodoso na anayefundisha wahojaji anafanya kazi ya kitaalamu, na alipwe kama mtaalamu, wala si kwa chai na cheti. Ikiwa ruzuku yako ni ndogo kiasi kwamba hilo haliwezekani, sema hivyo waziwazi, na upunguze ukubwa wa unachoomba badala ya kupunguza malipo.

Na miaka miwili je? Kwa miaka miwili huwezi kujenga ubia kama wa Detroit, unaohesabika kwa miongo, na usiahidi hivyo. Unaweza kujiunga na ubia uliokwisha kuwapo na kuchukua kipande cha kazi ambacho wabia wenyewe wanakihitaji. Unaweza pia kuifanya hatua ya kuchagua swali kuwa ndiyo tasnifu yako: kukaa na wakazi, kutumia njia kama ile iliyoenezwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris katika miaka ya 1990, ambamo wakazi hupewa kamera, hupiga picha za mambo yanayowagusa kiafya na kuzijadili kwa pamoja, na mwishoni kuwasilisha swali la utafiti lililokubaliwa pamoja na ramani ya nani ana uwezo wa kulitekeleza baadaye. Huo ni mchango halali wa kitaaluma, na mwulize msimamizi wako sasa kama chuo kitaukubali, kabla hujafungua mdomo mtaani. Kabla ya yote, zitafute tafiti zilizokwisha kufanyika katika mtaa huo, usome matokeo yake, uyaandike kwa lugha ya wakazi na uwapelekee, hata kama si wewe uliyezifanya. Ni deni la taaluma yako, na wewe ndiye uliyepo.

Mwisho, ujiandae kwa uwezekano kwamba baada ya yote hayo bado watakataa. Hapo waheshimu, wala usihamie mtaa wa pili wa jamii hiyo hiyo kwa matumaini kwamba huko hawajachoka. Shinikizo la damu linaweza kuchunguzwa bila kumgusa mkazi hata mmoja: muda wa kusubiri kwenye kliniki zinazohudumia mtaa huo, upatikanaji wa wakalimani, siku ambazo dawa hukosekana, umbali wa kituo cha kupima kilicho wazi jioni, na iwapo mashine za kupimia zina mikanda inayotosha mikono minene, maana mkanda mdogo huongeza kipimo kwa uongo. Katika utafiti wa namna hiyo wanaochunguzwa ni watoa huduma na ofisi zao, na huenda viongozi waliokukatalia dodoso wakawa tayari kukuambia uanzie kliniki ipi.